Metali Ina Nguvu, Lakini Katika Joto Gani?

Mhunzi haulizwi kwa nini anaanza na mkaa. Chuma kikiwa chekundu hulainika na nyundo ikafanya kazi yake, kikipoa hukaidi. Upande wa baridi ulijulikana kwa hasara. Januari 16, 1943, meli ya mafuta iitwayo Schenectady, mpya kabisa, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani. Hakukuwa na dhoruba wala kombora. Kulikuwa na uchomeleaji wenye kasoro, na chuma ambacho baridi ilikifanya kivunjike kama chungu.

Kwa hiyo kila tangazo la "metali yenye nguvu kuliko zote" linastahili swali moja: nguvu hiyo ilipimwa katika nyuzi joto ngapi?

Mfano mzuri ni aloi iliyoelezwa mwaka 2004 na Brian Cantor na wenzake nchini Uingereza. Ina kromi, manganizi, chuma, nikeli na kobalti, zote kwa mafungu sawa. Ni pilau ambayo mchele hauzidi iliki. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 vilionyesha kwamba katika joto la kawaida aloi hiyo huhimili mvuto wa megapaskali kama 760. Ikishushwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, hufikia karibu 1,280, na bado hunyumbuka zaidi kabla ya kukatika. Baridi iliyoiponza Schenectady huipa hii nguvu.

Joto nalo lina hesabu yake. Aloi hiyo ikikaa muda mrefu kwenye nyuzi 700 hivi, ndani yake huota chembe ngumu zinazovunjika kirahisi.

Uchapaji wa vipuri vya metali kwa leza huongeza utata. Mashine hupuliza unga wa metali, mwale huuyeyusha, na tone huganda kufumba na kufumbua. Haraka hiyo huacha ndani ya metali wavu mwembamba unaozuia tabaka za atomi kuteleza, ndiyo sababu kipande huweza kutoka kigumu kuliko cha kumiminwa kwenye kalibu. Lakini wavu huo ni zao la haraka, na moto mkali wa muda mrefu huufumua. Tena kila tabaka jipya hulipasha moto lile la chini yake, hivyo kipande kimoja huweza kuwa na tabia mbili, juu na chini.

NASA ya Marekani ililikabili tatizo hilo la joto waziwazi katika aloi yake GRX-810, ya nikeli, kobalti na kromi. Kabla ya leza kupita, unga wake hupakwa chembechembe ndogo mno za oksidi ya itriamu, ambazo haziyeyuki ovyo. Sifa zake zilitangazwa pamoja na joto lake: nyuzi 1,093.

Hivyo ndivyo inavyopasa. Mnunuzi wa kipuri kilichochapwa kwa leza adai cheti chenye namba mbili, nguvu na joto lililopimiwa. Cheti kikikosa ya pili, akirudishe kipuri.