Mwanamume na Nguo Isiyo na Miguu

Yapo maneno yanayovuma vijijini mwetu, nayo husemwa zaidi na vijana waliorudi kutoka mijini, kwamba mwanamume avaaye kikoi, au saruni, au shuka, amejifanya mwanamke. Husemwa kwa kicheko, na mzee achekwaye naye hucheka kidogo ili mambo yapite. Lakini sasa kicheko hicho kimezaa tendo. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, mzazi aliyefika mkutanoni amefunga kikoi safi aliambiwa akavae suruali kwanza ndipo aingie. Alikwenda zake, wala hakurudi. Na shauri la mtoto wake likakatwa bila yeye. Kwa hiyo hatuwezi tena kulihesabu neno hili kuwa mzaha.

Hao wachekao hutuletea Maandiko. Wasema kwamba Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamkataza mwanamume kuvaa nguo za mwanamke. Ndiyo, yamkataza. Lakini je, wanaume wa Israeli walioisikia amri hiyo walikuwa wamevaa suruali kama za vijana wetu? Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, chataja suruali za kitani, nazo ni za makuhani, za kuvaliwa ndani ya mavazi yao marefu ili kuficha uchi. Na vazi la Bwana wetu, lile ambalo askari walilipigia kura, Biblia yetu ya Kiswahili yaliita kanzu. Amchekaye mzee kwa ajili ya kanzu yake na afikiri amcheka nani pamoja naye.

Katika maneno yao liko neno moja la kweli, ila wao wenyewe hawajalipima. Ni kweli kwamba nguo hii humbadili mwanamume. Mtazameni mtu aliyezoea suruali siku afungapo kikoi kwa mara ya kwanza. Hatua yake ya kwanza hukatika njiani, kwa kuwa nguo imemshika magotini. Akifika penye mfereji husimama, akainua upindo, ndipo avuke. Akiketi mkekani hawezi kutupa miguu kama atakavyo. Sharti akusanye nguo katikati ya magoti kwanza. Upepo ukivuma, mkono hushuka wenyewe bila kutumwa. Tena mara nyingi kwa siku hugusa kiuno ajue kama mkunjo ungali umeshika. Na moyoni nako mna mabadiliko. Mwili aliokuwa ameusahau ndani ya suruali aukumbuka tena. Hewa yapita, joto lapungua. Naye, kwa kuwa hawezi kukimbia ovyo, huenda taratibu, akawaona watu njiani na kuwasalimu. Likipita juma moja mikono imekwisha kujifunza, wala hana habari tena.

Je, huo ni ukike? La, ni kazi ya nguo. Mtu huyo huyo akitaka kusukuma mashua majini hupiga ubinda, akatenda kazi ya watu wawili. Nabii Eliya alijifunga viuno, akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, naye hakuwa na suruali ya michezo.

Tena si kila nguo isiyo na miguu ifupishayo hatua. Waskoti, ambao wamisionari wao walifika Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898, wana vazi lao la wanaume liitwalo kilti. Ni sketi ya sufu ifikayo magotini, na kitambaa chake chaweza kufika mita 7, kwa sababu ya wingi wa marinda ya nyuma. Mtu akienda, uzito wa marinda huyumba nyuma yake, naye hunyosha mgongo na kupiga hatua ndefu. Basi kikoi hupunguza mwendo, kilti huukuza, na aliye ndani ni mwanamume vile vile.

Waskoti hao nao walionja habari hizi. Baada ya vita vya Culloden, mwaka 1746, Bunge la London liliwapiga marufuku wanaume na wavulana wa milimani kuvaa vazi hilo: kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Sheria hiyo haikufutwa hata mwaka 1782. Lakini ilikuwa na mlango mmoja: askari wa mfalme waliruhusiwa kuvaa. Mkulima alifungwa kwa nguo ile ile ambayo askari alipewa avae! Hapo pana shauri la uume, au la nani amtawale nani? Na kwetu, mwanzo wa mwaka 1968, serikali ya Tanzania iliwaandama Wamaasai waache mavazi yao na kuvaa suruali. Wamaasai wangali na mashuka yao hata leo, wala hatujasikia kijana hata mmoja aliyewaambia ana kwa ana kwamba wao ni wanawake.

Hatusemi suruali ni mbaya. Sisi wenyewe twaivaa darasani. Apandaye baiskeli, au asimamaye karibu na mashine ya kusaga, na aivae, maana mkanda wa mashine haujui kubisha hodi.

Lakini liko jambo litukeralo zaidi. Wanaume hao hao husema mwanamke aliumbwa mzito wa mwendo na mwoga wa kuruka. Twawaona wasichana wetu uwanjani, sketi ndefu zimewabana magoti, wakishindwa mbio na kuitwa wavivu. Kijana asemaye hivyo na afunge saruni Jumamosi moja, ateke maji mtoni, apande nayo kilima ndoo ikiwa kichwani, kisha atuambie kama ni maumbile au ni kitambaa. Nao mafundi wa cherehani wawashonee wasichana sketi zenye marinda. Nguo itakayozidi ni kidogo.

Mwaka 1931 Gandhi wa India aliingia nyumbani mwa Mfalme George wa Tano, huko London, akiwa amejifunga nguo yake nyeupe na shali mabegani, akanywa chai humo. Mlango wa shule ya kijiji umekuwaje mwembamba kuliko ule? Kamati za shule na ziandike katika tangazo la mkutano ujao kwamba mzazi aje na nguo safi yenye kumsitiri, basi. Na yule mzee aliyefukuzwa apelekewe mtu nyumbani kwake, amwombe radhi, amwite kabla ya siku hiyo.