Jina la Shule na Mtoto Tunayempeleka



Miongoni mwetu wamo waliohama pwani wakafanya makazi Kitengela, karibu na kazi za Nairobi na viwanda vya Athi River. Binti akikaribia kumaliza Gredi ya 9, mazungumzo ya nyumbani hufuata barabara ya Namanga: je, atapata Moi Girls Isinya? Na mvulana, ataitwa Olkejuado, mjini Kajiado? Si vibaya mzazi kumtakia mwanawe shule yenye sifa. Lakini na tujiulize, sifa hiyo hutoka wapi?

Shule ya kitaifa kama Isinya hupokea wasichana kutoka kila pembe ya nchi. Kwa miaka mingi walioitwa katika shule za daraja hilo walikuwa wenye alama za juu katika mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Basi sehemu ya sifa huingia langoni pamoja na wanafunzi wenyewe. Mkulima aliyepewa mbegu teule hapimwi kwa wingi wa mavuno pekee. Kipimo cha haki ni kuuliza: aliyeingia akiwa wa wastani, hutoka vipi?

Tangu Januari 2026, kuingia sekondari pevu kuna mizani mpya. KJSEA hubeba asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Yaani asilimia 40 huwa zimekwisha kuandikwa kabla ya Gredi ya 9. Mzazi anayeamka mwaka wa mwisho amechelewa. Tena mwanafunzi huchagua mkondo wake: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Shule maarufu isiyofundisha masomo anayoyahitaji binti haimfai.

Lipo pia la stara na ibada. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana Waislamu wa shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, kuvaa hijabu na suruali. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo tusidhani ruhusa ipo kila mahali. Tusome kanuni za shule, tuulize kwa adabu kuhusu sala, funga ya Ramadhani na mavazi, kabla ya kujaza majina ya shule na si baada ya sanduku kufungwa.

Hata hivyo, hofu isitufanye tumfungie binti nyumbani. Kumnyima nafasi aliyoichuma kwa jasho lake, hali nduguye wa kiume angeruhusiwa bila mjadala, ni dhuluma. Na kumpeleka ili tu sisi tutaje jina la shule harusini ni dhuluma nyingine. Ikiwa shule ya kutwa iliyo karibu ina masomo yake na walimu wake, haimpunguzii hadhi.

Akina mama, keteni na binti zenu jioni moja, muwasikilize kwanza. Atakayeishi humo miaka mitatu ni yeye.