Msimsukumie Glasi Ndugu Aliyeacha



Wapendwa taifa la Mungu, kipindi cha Majilio kinapokaribia, huwadia pia msimu wa karamu. Mabasi yaendayo Moshi na Rombo hujaa watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi, na huko huwangoja ndoa, ubatizo, mahari na vikao vya ukoo. Hayo yote ni mema. Lakini katika furaha hiyo yupo ndugu mmoja ambaye hasemewi na mtu, nasi leo tunataka kumsemea: ni yule aliyekuwa mlevi, akaacha.

Watu husema, “Ulevi ni wa mtu mwenyewe; akitaka kuacha ataacha.” Tunalipinga neno hilo, kwa sababu ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huweza kuua. Kweli, hakuna awezaye kumwachia mwenzake pombe. Lakini yule aliyekwisha kuacha haishi jangwani. Akishuka kituoni, jambo la kwanza kukutana nalo ni baa. Akiitwa kwenye kikao cha harusi, kikao kimewekwa baa. Akienda kumsalimu mjomba, kata ya mbege inazunguka, na kuikataa huhesabiwa kuwa ni dharau. Akienda msibani, jioni huletwa pombe ya kuwaliwaza wafiwa. Siku moja tu anakutana na kishawishi mara tano au sita, na kila mara anatakiwa kushinda. Pombe yenyewe yahitaji kushinda mara moja tu.

Wataalamu wa afya wanatufundisha kwamba ulevi wa muda mrefu huacha alama katika ubongo. Harufu, mlio wa kizibo kinachofunguliwa, kiti kile alichozoea kukalia, hata saa ile ya jioni, vyaweza kuamsha hamu ambayo mwenyewe hakuiita, hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo anayetetemeka mbele ya chupa si lazima awe mtu wa imani haba. Ni mtu mwenye jeraha, na jeraha halipapaswi kwa mzaha.

Basi, sikilizeni maneno tunayoyasikia katika sherehe zetu za Kikristo. “Onja tu, Krismasi ni mara moja kwa mwaka.” “Siku hizi umekuwa mlokole?” “Mwanaume gani wewe hunywi?” “Umedharau pombe ya bibi harusi.” Tena kuna lile la kamati zetu: mchango wake hupokewa wote bila kupunguzwa hata shilingi, lakini siku ya sherehe anapewa soda moja ya moto na kuambiwa akakae kule nyuma pamoja na watoto. Mnamtoza kama ndugu, mnamkaribisha kama mgeni asiyealikwa!

Tunasema wazi: huo si ukarimu. Ukarimu humtazama mgeni. Huo unajitazama wenyewe. Anayemlazimisha mwenzake kunywa mara nyingi hatafuti furaha ya mwenzake, bali anatafuta mwenzi wa kumtuliza dhamiri. Glasi ya mtu aliyeacha humsumbua yeye asiyeweza kuacha.

Wengine watatujibu kwa Maandiko. Watasema kwamba Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai huko Kana, na kwamba Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ni kweli, na Kanisa Katoliki halijapata kufundisha kwamba divai ni kitu kiovu. Linafundisha fadhila ya kiasi; Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2290, yatuonya dhidi ya kila aina ya kupita kiasi, pombe ikiwemo. Lakini katika Injili ya Kana, ni nani aliyelazimishwa kunywa? Hatusomi habari hiyo. Tunasoma habari za Mama aliyetazama karamu na kuona kilichopungua kabla wengine hawajaona. Leo angekuwapo katika kumbi zetu, tunaamini angemwona pia yule aliyeketi pembeni bila kinywaji cha kumfaa. Naye Paulo huyo huyo, akiwaandikia Warumi katika sura ya 14, anasema ni heri kuacha nyama na divai kuliko kumkwaza ndugu. Hakusema tuache kwa sababu ni haramu. Alisema tuache kwa sababu ya ndugu.

Tena, tazameni Altare yenyewe. Divai ni ya lazima katika Misa. Sheria ya Kanuni, namba 924, yataka iwe divai halisi ya zabibu, isiyoharibika. Hata hivyo, Kanisa limemfikiria padre asiyeweza kunywa pombe. Barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya mwaka 2003 yaeleza kwamba Askofu aweza kumruhusu padre wa namna hiyo, na hata mlei, kutumia maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umezuiwa bila kuyabadili asili, yale yaitwayo kwa Kilatini mustum. Tena tunasadiki kwamba Kristo mzima yumo katika kila umbo, hivyo anayepokea Hostia peke yake hakupungukiwa na kitu. Kwa hiyo bwana harusi aliyeacha pombe asilazimishwe kunywa katika kikombe ati kwa sababu ni desturi ya maharusi kupokea kwa maumbo mawili.

Sasa tunauliza: ikiwa meza ya Bwana imempisha mnyonge, meza ya kamati ya harusi ni takatifu kiasi gani hata ishindwe kumpisha?

Tunataka mambo machache yafanyike, nayo hayana gharama kubwa. Vikao vya sherehe vifanyike nyumbani au katika ukumbi wa parokia, visifanyike baa. Vinywaji visivyo na kilevi viwe vingi, viwe baridi, na vipelekwe kwa heshima ile ile. Mwenye nyumba akitoa togwa aseme ni ya lini, maana togwa iliyolala huwa pombe. Mtu akisema “hapana, asante,” asiulizwe sababu. Na wazee wa ukoo, ambao hupewa kata kwanza, wawe wa kwanza kutangaza kwamba asiyekunywa hakumtukana mtu. Neno moja la mzee hulinda kuliko mahubiri yetu kumi.

Nawe ndugu uliyeacha, usingoje dunia nzima ibadilike. Pita njia nyingine, hata kama ni ndefu. Nenda sherehe pamoja na mtu anayejua hali yako; shika glasi yako ya maji au soda tangu mwanzo, nawe jiwekee saa ya kuondoka kabla wengine hawajalewa. Siku ambayo moyo ni mzito, usiende kabisa. Tuma zawadi na salamu. Tafuta wenzako: vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanza Marekani mwaka 1935, vimewafundisha wengi kuishi siku moja kwa wakati mmoja. Njoo kwenye Kitubio, hata ukianguka tena, na hasa ukianguka tena. Na wewe ambaye ungali unakunywa sana kila siku, usikatishe ghafla peke yako. Nenda hospitali kwanza, kwa maana mwili uliozoea pombe nyingi waweza kupata degedege na hata kufa.

Mkumbukeni Matt Talbot, kibarua wa Dublin nchini Ireland, aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza kunywa akiwa mtoto. Inasimuliwa kwamba siku moja alipokosa fedha, wenzake aliokuwa akiwanunulia walimpita nje ya baa bila kumwalika. Mwaka ule wa 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya miezi mitatu tu, akaiongeza, hatimaye ikawa ya maisha. Alijizuia kubeba fedha mfukoni, naye alikwenda Misa kila asubuhi kabla ya kazi. Alidumu hivyo miaka 41, hadi alipofariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda kanisani. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alizitambua rasmi fadhila zake za kishujaa. Marafiki waliompita pale nje ya baa hakuna anayekumbuka majina yao.

Kaini alimwuliza Mungu kama yeye ndiye mlinzi wa ndugu yake. Msimu huu, kila mmoja wetu atajibu swali hilo akiwa ameshika chupa mkononi. Atakayemmiminia ndugu aliyekwisha kukataa asiseme kesho kwamba alianguka mwenyewe.

Mungu Mwenyezi awabariki, awatie nguvu wote wanaopigana vita hii kimyakimya.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.