Mita 12 za Mraba kwa Kila Mkazi: Ada za Bustani katika Miji ya Marekani

Mtaa mpya unapochorwa, barabara hukumbukwa kwa sababu bila barabara hakuna lori la matofali litakalofika, na bomba la maji hukumbukwa kwa sababu bila maji hakuna atakayehamia. Bustani ya umma, yaani mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia na mzee akaketi kivulini, haina mtetezi wa namna hiyo. Nyumba huuzika hata bila bustani, na pengo lake huonekana baada ya miaka, wakati kila kipande cha ardhi kimekwisha kupata mwenyewe. Ndiyo maana miji mingi ya Marekani imejiwekea utaratibu wa kumdai mwendelezaji wa ardhi sehemu yake ya bustani mapema: atoe ardhi, au atoe fedha badala ya ardhi. Tunapenda kuitazama hesabu hiyo kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mmefichwa uamuzi juu ya nani atacheza wapi na nani atalipa. Na tena kwa kuwa, tangu mwaka 2024, parokia za California zinaweza kujikuta zenyewe zimeketi kwenye kiti cha mwendelezaji.

California inafaa kuwa mfano, maana sheria yake ni ya zamani na hesabu yake iko wazi. Ilipitishwa mwaka 1965, na hadi leo huitwa kwa jina la mbunge John Quimby. Sheria hiyo inaziruhusu halmashauri za miji na kaunti kumwekea sharti kila anayegawa ardhi katika viwanja vya makazi: kwa kila wakazi wapya 1,000, atoe ekari 3 za bustani. Pale ambapo mji tayari una bustani kubwa kuliko kiwango hicho, unaweza kudai hadi ekari 5, ili wanaohamia wasiwapunguzie wenyeji kile walichokuwa nacho. Waendelezaji hawakukubali kirahisi. Shauri lao dhidi ya mji wa Walnut Creek, uliokuwa ukidai ekari 2.5 kwa wakazi 1,000, lilifika Mahakama ya Juu ya California mwaka 1971, nao wakashindwa.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ukizigawa ekari 3 kwa watu 1,000, kila mtu hupata takribani mita 12 za mraba, yaani ukubwa wa chumba cha kulala chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwendelezaji anataka kujenga nyumba 100, na takwimu za sensa zinaonyesha kwamba nyumba ya aina hiyo mjini humo hukaliwa, kwa wastani, na watu 3. Wakazi wapya ni 300. Deni la bustani ni ekari 0.9. Ikiwa ekari moja mahali hapo huuzwa dola milioni 1, ada badala ya ardhi ni dola 900,000, au dola 9,000 kwa kila nyumba. Peleka mradi huohuo mahali ambapo ekari huuzwa dola milioni 5, na ada inapanda hadi dola 45,000 kwa kila nyumba, ingawa watoto ni walewale na bembea ni ileile. Mwenye mradi wa viwanja 50 au pungufu hulipa fedha tu, hawezi kulazimishwa kutoa ardhi. Na ni rahisi kuona kwa nini, kwa kuwa kipande ambacho angetoa kisingetosha hata goli moja.

Hapo ndipo mtu hudhani mambo yamekwisha, kana kwamba kikokotoo kimeshasema. Lakini kila tarakimu iliyoingizwa iliwekwa na mtu. Chukua idadi ya watu kwa kila nyumba. Nyumba ya ghorofa yenye chumba kimoja huhesabiwa kuwa na watu wachache, kwa hiyo hulipiwa kidogo. Lakini pale ambapo kodi ya nyumba imewalemea watu, chumba hicho kimoja huweza kuwa na baba, mama, watoto watatu na shangazi aliyefika juzi. Wastani haumwoni shangazi. Chukua bei ya ardhi. Je, ni bei ya shamba kabla ya kibali, au ya viwanja vilivyokwisha kupimwa? Minnesota imelijibu swali hilo kwa sheria: thamani ya soko ichukuliwe si baadaye kuliko siku mradi unapoidhinishwa kwa mara ya mwisho. Mji wa Houston ulikwenda njia nyingine. Ulipoanzisha ada yake mwaka 2007, uliweka dola 700 kwa kila makazi, ardhi iwe ghali au rahisi. Mwendelezaji anajua mapema atakacholipa, na hilo si jambo dogo. Lakini mahali ambapo ekari ni dola milioni 1, dola 700 hazinunui hata mita 3 za mraba, na hizo ni za familia nzima.

Mipaka ya madai haya imewekwa na mahakama. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza shauri la Florence Dolan, mama aliyekuwa na duka la vifaa vya mabomba na umeme katika mji wa Tigard, Oregon. Alitaka kulipanua duka lake na kuweka lami kwenye maegesho; halmashauri ikamtaka kwanza atoe takribani asilimia 10 ya kiwanja chake, sehemu iwe ukanda wa kijani kando ya kijito cha Fanno na sehemu iwe njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji walisema kwamba kinachodaiwa lazima kilingane, walau kwa makadirio, na athari ya ujenzi wenyewe, na kwamba ni kazi ya mji kuonyesha ulinganifu huo. Mwaka 2013 mahakama hiyo ilisema kipimo hicho kinahusu fedha pia, si ardhi peke yake. Na mwezi Aprili 2024, katika shauri la ada ya barabara kutoka kaunti ya El Dorado, California, majaji wote tisa walikubaliana kwamba ada haiepuki kipimo hicho kwa sababu tu imetungwa na baraza la kutunga sheria badala ya kupangwa na ofisa mmoja. Waliacha bila jibu swali gumu zaidi: je, ada iliyopangwa kwa kundi zima la nyumba lazima ipimwe kwa kila nyumba peke yake? Tangu wakati huo wanasheria wa miji wana sababu ya kuyapitia upya majedwali ya ada yaliyowekwa miaka mingi iliyopita.

Sisi tunaona kwamba mahakama zimetenda haki kwa mama Dolan na wenzake. Haifai mji umwone mwenye kuomba kibali kama mtu aliyekamatwa pabaya, anayeweza kudaiwa chochote. Hata hivyo, kanuni hiyohiyo ya haki ina upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Ikiwa mwendelezaji analipia athari ya wakazi wake wapya tu, basi hawezi kutozwa kwa ajili ya upungufu wa zamani. Mtaa wa zamani uliojaa, ambao haukuwahi kupewa bustani na ambao hakuna anayejenga humo, hauzalishi ada hata senti moja. Fedha hufuata ujenzi, na ujenzi hufuata faida. Kule ambako nyumba mpya nzuri zinajengwa, bustani mpya nzuri inafuata. Kule Westlake, katikati ya Los Angeles, ambako familia za wahamiaji zimebanana ghorofa juu ya ghorofa, mtoto husubiri zamu ya kucheza. Papa Francisko, katika Waraka wake wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015, aliligusa jambo hili waziwazi: maeneo ya kijani yaliyotunzwa vizuri huonekana katika sehemu za mji zinazosemwa kuwa salama, wala si pale wanapofichwa wale ambao jamii imewahesabu kuwa si kitu. Hakuwa anazungumzia kifungu cha sheria ya California, lakini kifungu hicho kinaeleza njia mojawapo ambayo jambo hilo hutokea bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Watunga sheria wameliona tatizo. Kwa kanuni ya msingi, ada ya Quimby lazima iwahudumie wakazi wa mradi ulioilipa. Tangu marekebisho ya mwaka 2013, mji unaweza, kwa masharti na baada ya kuwasikiliza wananchi hadharani, kuzipeleka fedha hizo katika mtaa wenye chini ya ekari 3 kwa wakazi 1,000. Los Angeles nayo ilipoandika upya kanuni zake mwaka 2016 ilipanua umbali: ada inaweza kutumika hadi maili 2 kutoka kwenye mradi kwa bustani ya mtaa, na mbali zaidi kwa bustani kubwa. Ni hatua njema. Lakini maili 2 kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, katika jiji lililojengwa kwa ajili ya magari, ni safari.

Kuna jambo jingine, nalo tunalijua vizuri sisi tuliowahi kukabidhiwa mfuko wa ujenzi wa parokia: fedha iliyokusanywa si kitu kilichojengwa. Sheria ya Quimby inasema ada ipangiwe matumizi ndani ya miaka 5, ama sivyo irudishwe kwa wenye viwanja. Inakataza pia kuitumia kwa uendeshaji na matunzo, kwa hiyo mji unaweza kupata fedha za kununua bembea usipate za kumlipa anayefagia majani na kukaza nati. Mwaka 2008 mkaguzi wa hesabu wa Los Angeles aliikosoa idara ya bustani kwa mamilioni ya dola ya ada hizo yaliyokaa bila kutumika. Wala tusidhani kwamba anayepokea ardhi badala ya fedha amejiondolea wasiwasi. Wasomaji wetu wa Kenya hawajasahau Januari 2015, wakati wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipopigwa mabomu ya machozi kwa kuusukuma ukuta uliokuwa umejengwa kukata uwanja wao wa michezo. Ardhi ya watoto ilikuwepo. Kilichokosekana ni ulinzi wake.

Sasa turudi kwenye parokia. Mwaka 2023 California ilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2024, inayoyarahisishia makanisa na taasisi nyingine za dini kujenga nyumba za bei nafuu katika ardhi yao wenyewe, hata pale ambapo mpango wa mji haukuruhusu makazi. Parokia nyingi zina maegesho makubwa yanayojaa Dominika na kubaki matupu siku sita, au jengo la shule lililofungwa. Tunafurahi kuona ardhi hiyo ikifikiriwa kwa ajili ya wenye kipato kidogo. Ila ada ya bustani, inapotozwa, huongezwa kwenye gharama, na gharama huishia kwa mpangaji. Kwa sababu hiyo baadhi ya miji huipunguza kwa nyumba za bei nafuu, na Los Angeles haiwatozi kabisa.

Msamaha huo unaonekana kuwa rehema tupu, na kwa sehemu kubwa ndivyo ulivyo. Lakini tuufuatilie hadi mwisho. Nyumba 60 za bei nafuu kwenye uwanja wa kanisa, zenye watu 180, zingedaiwa kwa kipimo cha Quimby zaidi kidogo ya nusu ekari ya bustani. Msamaha unapotolewa, deni halilipwi na mwingine, linafutwa. Watoto wa nyumba hizo wanakuja mtaani bila mita zao 12, na bustani iliyopo, kama ipo, inagawanywa kwa wengi zaidi. Tukilazimika kuchagua kati ya paa na bembea, tunachagua paa bila kusita. Hata hivyo hatuoni kwa nini parokia yenye ardhi ikubali kwamba chaguo ni hilo tu. Anayesamehewa ada hajakatazwa kuacha sehemu ya kiwanja bila jengo, kuotesha miti, na kuacha lango wazi hata kwa watoto wa majirani. Sisi tuliolelewa seminarini tunakumbuka kiwanja cha vumbi nyuma ya bweni, ambacho hakuna mhandisi aliyekichora, na ambacho wavulana wa kijiji walikuwa wakikingoja kila Alhamisi jioni.

Kwa waamini ambao parokia yao haina mpango wa kujenga, lakini mtaa wao unajengwa kila upande, liko jambo la kufanya ambalo halihitaji mwanasheria. Kwa ada za athari za ujenzi, sheria ya California inautaka mji uchapishe, ndani ya siku 180 baada ya mwaka wa fedha kwisha, kiasi kilichokusanywa, kilichobaki, na miradi iliyotumia fedha hizo. Kwa ada ya Quimby, mji unapaswa kuwa na ratiba inayoonyesha ni jinsi gani, lini na wapi ardhi au fedha itatumika. Karatasi hizi ni za umma. Halmashauri ya walei inaweza kuziomba ofisini, ikazisoma pamoja baada ya Misa, na kuangalia mradi uliojengwa miaka minne iliyopita karibu na kanisa umeandikwa kwenye mstari gani. Maana mwaka wa tano unakaribia, na baada ya hapo fedha hizo huenda zikarudi kwa wenye viwanja.