SAFU YA FUNDI: Sajenti na Kompyuta ya Subaru Yake

Juma hili tumepokea barua ya sajenti mmoja aliye kambini nje kidogo ya Kampala. Asema anayo Subaru Impreza ya mwaka 1998 yenye injini ya EJ20, ambayo ameifunga tabo kubwa kuliko ile iliyokuja nayo kutoka Japani, bomba pana la moshi, na nozeli za petroli za sentimita za ujazo 550 kwa dakika badala ya zile za kwanza za 440. Tangu siku hiyo gari latoa moshi mweusi, lakohoa asubuhi, na kila fundi amwendeaye humwambia jambo lake. Hatimaye amenunua kompyuta ya injini ambayo mwenye gari huipanga mwenyewe, nayo imekaa ndani ya boksi lake miezi miwili. Auliza aanzie wapi. Chini ya barua, kwa mwandiko mwingine, kuna maneno haya: "Bwana Fundi, fedha hizi zilikuwa za mabati. Naomba umwambie ukweli."

Tutajaribu kuwajibu wote wawili.

Kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe. Kompyuta ya kiwandani haiioni petroli. Huhesabu muda tu. Hupima hewa iingiayo, joto la maji na mzunguko wa injini, kisha huamuru nozeli ifunguke kwa sehemu chache za elfu za sekunde. Haikuambiwa kwamba nozeli zimebadilishwa. Muda ule ule uliotosha kupitisha kipimo kimoja cha petroli katika nozeli ya 440, sasa wapitisha kipimo kimoja na robo. Gari likienda taratibu, sensa ya oksijeni iliyomo katika bomba la moshi hujaribu kusahihisha kosa hilo. Lakini injini ikibeba mzigo mzito kompyuta huacha kuisikiliza sensa hiyo, na hapo ndipo moshi mweusi hutoka. Mafundi waliombadilishia sajenti plagi mara tatu walikuwa wakitibu homa bila kumtafuta mbu.

Mpango wa kuamuru petroli kwa umeme si mpya. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutia katika gari la Volkswagen mwaka 1967, na mwaka 1979 ikatoka BMW 732i yenye kompyuta moja iliyosimamia petroli na cheche za plagi kwa pamoja. Jambo lililokuja baadaye ni mtu wa kawaida kuweza kuzipanga tarakimu hizo mwenyewe. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa kompyuta iitwayo MegaSquirt, ambayo mnunuzi aliiunga vipande vyake kwa pasi ya kulehemu. Siku hizi ipo pia Speeduino, iliyojengwa juu ya kibao cha Arduino. Magari mengi yaliyoundwa baadaye huweza kuandikwa upya kompyuta ile ile ya kiwandani kwa njia ya waya, na mwenye gari la namna hiyo asikimbilie kununua nyingine. Subaru ya mwaka 1998 kwa kawaida haina njia rahisi kama hiyo, kwa hiyo hatumlaumu sajenti kwa ununuzi wake.

Sasa ukweli alioutaka mama. Gharama haijakwisha. Kimebaki chombo kimoja, nacho ni kipimo cha oksijeni cha upeo mpana, ambacho hufungwa katika bomba la moshi na kuonyesha kwa tarakimu injini yala petroli kiasi gani kwa hewa iingiayo. Sensa ya kawaida hujua jambo moja tu: kama mchanganyiko umezidi au umepungua kuliko uzani 14.7 wa hewa kwa uzani 1 wa petroli. Haijui umepungua kwa kiasi gani. Kuipanga injini yenye tabo kwa sensa ya namna hiyo ni sawa na kupika ugali gizani kwa kusikiliza sufuria. Kama sajenti hana uwezo wa kununua kipimo hicho mwezi huu, kompyuta na iendelee kukaa ndani ya boksi, haiozi. Na kama bado anazo nozeli zake za zamani na tabo ya kwanza, aweza kuzirudisha Jumamosi moja na gari likatembea kama lilivyotoka kiwandani, bila kutumia fedha nyingi. Hakuna aibu katika hilo.

Mimi niandikaye nililipia somo hili. Miaka mingi iliyopita rafiki alinipa faili la tarakimu za gari lake. Gari lake na langu yalikuwa ya aina moja, hata rangi yalifanana. Nilichosahau kuuliza ni ukubwa wa nozeli. Zake zilikuwa kubwa kuliko zangu, kwa hiyo kompyuta yake ilizifungua kwa muda mfupi, na muda huo mfupi katika nozeli zangu ukawa njaa. Gari lilikwenda vizuri mno, maana mchanganyiko ukipungua petroli kidogo injini huwa nyepesi chini ya mguu. Siku ya nne nilipanda mlima na mikungu ya ndizi nyuma. Nikasikia mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe, kisha moshi wa buluu ukajaa kioo cha nyuma. Tulipoifungua injini, pistoni moja ilikuwa imevunjika kati ya ringi na ringi. Niliuza pikipiki kulipia matengenezo. Tangu siku hiyo silikubali faili la mtu mwingine hata kama ni ndugu yangu wa damu.

Haya, tuanze kazi, na kazi yenyewe haianzi kwenye kompyuta. Apime kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa na joto, betri ikiwa imejaa na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Asishtuke akiona tarakimu ndogo kuliko za kitabu, maana vitabu huandikwa kwa nchi zilizo usawa wa bahari, na Kampala iko juu yake mita karibu 1,200, mahali ambapo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Aangalie zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Ikiwa moja imeachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, asiendelee. Ipo kazi ya spana kwanza. Aangalie pia mipira ya hewa iliyopasuka, mgandamizo wa pampu ya petroli, na viungo vya bomba la moshi. Kiungo kinachovuja kabla ya kile kipimo cha oksijeni huvuta hewa ya nje, na kipimo husema uongo kwamba petroli ni haba. Hapo mtu huongeza petroli, moshi hurudi, naye hulaumu kompyuta.

Kisha aunganishe laptopu na kompyuta mpya, afungue swichi bila kuwasha injini, asome. Hii ndiyo sehemu niipendayo, kwa kuwa haigharimu kitu. Injini ikiwa imezimwa, sensa ya mgandamizo wa hewa yapasa kuonyesha hewa ya mahali alipo: Kampala ni kilopaskali 88 hivi, na lau angekuwa Mombasa ingekuwa 101. Ikionyesha 101 akiwa Kampala, basi kompyuta imeambiwa aina ya sensa isiyo yake, na kila hesabu itakayofuata itakuwa potofu. Asubuhi na mapema, kabla gari halijawashwa, joto la maji na joto la hewa lazima yalingane. Pedeli ya mafuta ikiachwa iseme 0, ikikanyagwa yote iseme 100. Mwandikie sensa yoyote isiyokubaliana na ukweli unaoujua kwa macho yako, na urekebishe hiyo kwanza. Ajaze ukubwa wa nozeli, 550, pamoja na muda ambao nozeli huchelewa kufunguka betri ikiwa dhaifu. Muuzaji wa nozeli nzuri hutoa jedwali lake.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha ni taimingi. Programu nyingi, kama TunerStudio itumikayo na MegaSquirt na Speeduino, huruhusu taimingi ifungwe mahali pamoja, tuseme nyuzi 10. Aifunge hapo, awashe, kisha aelekeze taa ya taimingi kwenye alama za puli ya injini. Ikiwa kompyuta yasema 10 na puli yaonyesha 18, injini ingegonga mpaka ivunjike huku laptopu ikionyesha mambo ni salama.

Petroli hupangwa katika jedwali. Mstari wa chini huonyesha mizunguko kwa dakika, mstari wa kusimama huonyesha mgandamizo wa hewa iingiayo, na kila chumba kina tarakimu ya namna silinda ijazwavyo. Wengi huogopa jedwali hili, kumbe hesabu yake ni ya darasa la sita. Tuseme katika mizunguko 3,000 na kilopaskali 85 chumba kina 60. Tunataka 12.5, lakini kipimo chaonyesha 14. Zidisha 60 kwa 14, gawanya kwa 12.5, wapata 67. Andika 67, na vyumba jirani uvisogeze navyo kidogo ili jedwali liwe kama mteremko wa kilima, si kama ngazi. Hifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe. Lile la kwanza kabisa lisiguswe kamwe.

Lengo si moja mahali pote. Gari likienda taratibu barabarani, 14.7 yafaa. Injini ikibeba mzigo bila tabo kusukuma, karibu 12.5. Tabo ikisukuma, petroli izidi, 11 na nusu au chini kidogo, kwa kuwa petroli hiyo ya ziada hupoza chumba cha moto. Ndiyo maana kabla ya safari ya kwanza sajenti aamuru kompyuta ikate petroli mgandamizo ukipita kilopaskali 120, na asiipandishe amri hiyo mpaka vyumba vyote vya chini viwe vimekaa sawa. Jedwali la taimingi aliache katika tarakimu za woga. Kuipeleka cheche mbele huongeza nguvu, lakini injini yenye tabo huweza kugonga kabla dereva hajasikia chochote. Tena magari haya yalipangwa kwa petroli ya Japani yenye okteni ya juu. Ajue kwanza okteni ya petroli anayoinunua.

Kuhusu mahali pa kujaribia, wasomaji wetu wa polisi wa barabarani watanisaidia. Vyumba vya mzigo mdogo hupangwa barabarani kwa mwendo halali. Vya mzigo mkubwa hupangwa kwenye mashine ya roli, au uwanja uliofungwa kwa ruhusa. Na kamwe dereva asiendeshe huku akisoma laptopu. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja ashike usukani, mwingine asome na kuandika. Mama aliyetuandikia ana mwandiko mzuri kuliko wa mumewe, nasi twapendekeza awe yeye. Atakuwa wa kwanza kuona tarakimu ikipanda isivyopaswa, na amwambie aondoe mguu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza nyaya: jinsi ya kuunga kompyuta mpya bila kukata waya wa kiwandani hata mmoja, ili ile ya zamani iweze kurudishwa. Wakati huo sajenti atuletee tarakimu zake nne za kompresheni, na mama azitie sahihi.