Tangazo la Madaktari Wanawake Lifike Jikoni



Mwezi huu nataka kusema juu ya matangazo ya waganga, kwani tangazo nalo ni amana juu ya aliyelisikia.

Kiko Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, kiitwacho kwa ufupi MEWATA, kilichoanzishwa mwaka 1987. Mwaka 2005 kilianza kuwaita kinamama hadharani waje wapimwe saratani ya matiti, na mwito huo ukaenea mikoani. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na ya matiti yaifuatia. Wengi wafikao hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, hufika maradhi yamekwisha kukomaa. Wala kipimo chenyewe cha mlango wa kizazi si kizito: hupakwa siki nyepesi, na kitambo kidogo pahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Siki, ndugu zangu, jamaa ya ile tutiayo katika achari!

Basi mbona wengi hawaendi? Mimi naona sehemu kubwa ya lawama ni ya tangazo. Hapa Ngamiani gari lenye kipaza sauti hupita mbio barabara baada ya barabara, na bibi aliye jikoni husikia “bure” na “Bombo”, basi. Msikitini hutangazwa baada ya Sala ya Ijumaa mbele ya wanaume. Mume husikia, huona haya kulitamka neno lenyewe, likafia njiani. Angalisikia mwaliko wa pilau la maulidi angalifika nao nyumbani hata kanzu hajavua.

Yapasa tangazo lianze na swali la kila mwanamke mwenye kujistahi: nani atakayenitazama, na pana pazia? Wanazuoni wetu wametanguliza mganga mwanamke kwa mgonjwa mwanamke. Akikosekana ndipo mwanamume huruhusiwa, kwa kadiri ya haja, bila ya faragha baina yao. Na waganga wanawake si jambo geni kwetu: Bibi Rufaida wa Madina aliwauguza majeruhi wa Vita vya Handaki katika hema lililopigwa msikitini kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Madaktari wakiwa ni wanawake watupu, na liandikwe hivyo mstari wa kwanza, si chini kabisa baada ya majina ya wageni wa heshima.

Tena waseme mapema kwamba aliye katika hedhi angoje itoke. Na siku isiwekwe mchana wa Ramadhani. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi tumesomeshwa kuwa kitu kiingiacho katika utupu hufunguza. Baraza la Fiqhi la Jidda mwaka 1997 liliona kipimo cha namna hiyo hakifunguzi. Bibi mwenye saumu yake hatasimama foleni huku akipima rai mbili. Shaaban yatosha, au Shawwali.

Walimu wenzangu wa vyuo tunao wajumbe kila jioni. Lakini mtoto akiambiwa kwa mdomo atafika na habari nyingine. Apewe karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi mama mkononi.

Na zaidi ya sisi sote, wako makungwi na wakuu wa vikundi vya maulidi ya kinamama. Wao huyasema mambo haya bila kuyavunjia heshima, na kila nyumba huwafungulia mlango. Ni ajabu kuwa madaktari humwendea mjumbe, na diwani, na imamu, wala hawabishi hodi kwa kungwi. Wamwendee juma moja kabla. Yeye hahitaji kipaza sauti.

Wabillahi tawfiq.