Wanamuziki Wetu Wanaishi kwa Mlango

Ukipita Kariakoo saa nne asubuhi, kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Aggrey, huwezi kusema eneo hili limekosa muziki. Kila duka lina spika yake mlangoni. Hapa singeli, pale taarabu, mbele kidogo kaswida, na katikati yao kipaza sauti kinachorudia bei ileile tangu alfajiri.

Sasa tujiulize, ndugu zangu: katika muziki wote huo, ni wapi tumemwona mtu aliyeshika gitaa? Ni wapi tumeona ngoma ikipigwa kwa mikono?

Siulizi ili kumsema mwenye duka. Spika inaita wateja, na wateja ndio ugali wa watoto wake. Nauliza kwa sababu hapa Kariakoo na kwa majirani zake, Mnazi Mmoja, Gerezani na Ilala, ndiko bendi za mji huu zilikokulia. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Wazee wetu walicheza dansi katika ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja. NUTA Jazz, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilianza mwaka 1964. Mlimani Park, Sikinde yetu, ikafuata mwaka 1978, na ilipochukuliwa na DDC, ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumbani kwake.

Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na mlezi. NUTA ilikuwa jumuiya ya wafanyakazi, DDC lilikuwa shirika la mji, na Polisi, JKT na Magereza walikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mlezi, na wanamuziki walikuwa na mahali pa kushtakia shida zao.

Vijana wanaounda kundi leo hawana mlezi. Gitaa wamenunua wenyewe, kinanda wamenunua wenyewe, chumba cha mazoezi wanakilipia kodi, na siku ya shoo wanachangishana ili kukodi kirikuu ya kubeba vyombo. Hao ndio wanamuziki wa kujitegemea. Tunakaa nao mtaa mmoja, tunapanga foleni moja ya mwendokasi. Je, wanakula nini?

Tukumbuke zamani ilikuwaje. Bendi ilirekodi nyimbo zake Radio Tanzania, nchi nzima ikazijua, lakini pesa ya kuendeshea maisha haikutoka redioni. Redio ilikuwa tangazo. Watu waliusikia wimbo katikati ya wiki, Jumamosi wakaenda ukumbini, na pale mlangoni ndipo bendi ilipolipwa.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo, ila hilo halijabadilika kama tunavyodhani. Leo wimbo unawekwa YouTube au Boomplay, na msanii mkubwa mwenye wasikilizaji wengi mno anapata kitu. Kundi dogo la Ilala au Mburahati linapata sifa tu. Kwao simu imekuwa redio mpya, na mlango umebaki kuwa mlango.

Lakini mlango wenyewe uko wapi? Sehemu nyingi tunakoenda kusikiliza bendi tunakuta kibao: kiingilio ni kinywaji chako. Ni maneno matamu, hata mimi hunifurahisha. Tunaingia, tunaagiza, tunacheza mpaka jasho. Pesa yote inapita kaunta, na bendi inapewa kile ilichopatana na mwenye baa, wawe wamekuja watu ishirini au mia mbili. Mwenye baa naye ana kodi, umeme na wahudumu wa kulipa, kwa hiyo hana kosa. Ni sisi wateja tunaoweza kubadilisha hesabu hii kidogo. Tukikuta mlango una kiingilio cha elfu tatu au elfu tano, tulipe bila kunung'unika. Tukikuta hauna, tuwatunze. Kumtunza mwimbaji ni mila yetu ya siku nyingi. Akina mama wa taarabu hawahitaji kufundishwa jambo hili, wanaume ndio tunaokaa na noti mfukoni tukitikisa kichwa.

Na ukiwa unafahamiana na mpiga besi, ndugu yangu, usimpigie simu akuingize bure. Wewe unayemjua ndiye uwe wa kwanza kulipa.

Wapo watakaosema: bendi za sasa ni zipi? Muziki wa siku hizi si kompyuta tu? Hapa nawaomba wazazi wenzangu tusikilize vizuri. Tuchukue mchiriku wa Jagwa Music: kinanda kidogo cha Casio kinachokwaruza kwenye spika, ngoma, kigoda kinachochapwa kwa vijiti, na mwimbaji mbele yao anayehadithia shida za mtaani. Wale wanapiga mbele ya macho yako. Kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa albamu yao mwaka 2012, na wakazunguka majukwaa ya Ulaya.

Singeli nayo ilikulia kwenye vigodoro vya Tandale na Manzese. Ni kweli mapigo yanatoka kwenye kompyuta, lakini anayeshika kipaza sauti anaghani papo kwa papo, kwa kasi ambayo wengi wetu hatuwezi hata kuisoma. Mwaka 2017 kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za Sisso Studios katika albamu ya Sounds of Sisso. Miaka miwili baadaye Jay Mitta akatoa albamu aliyoiita Tatizo Pesa, jina ambalo mkazi yeyote wa Dar analielewa bila kuelezwa. Na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa ukoo ule wa mwanamuziki Hukwe Zawose wa Bagamoyo, walitoa albamu yao Maisha chini ya kampuni ya Real World ya Uingereza.

Wageni wamewasikia watoto wetu, na hilo ni jambo jema. Sisi tunaokaa nao karibu tunaweza kuwasikia kwa nauli ya daladala. Kama singeli inakuumiza masikio, haidhuru. Dansi nalo liliwahi kuitwa muziki wa wahuni, na leo ndilo tunaloliita zilipendwa.

Basi tuanzie wapi? Mimi nasema tuanzie kwenye kamati ya harusi.

Kila mmoja wetu yumo kwenye kamati, au ana ujumbe wa kukumbushiwa mchango ambao bado hajaujibu. Tunaijua ile bajeti: ukumbi, chakula, vinywaji, keki, mapambo, picha na video, MC, muziki. Kwenye muziki tunaandika bei ya DJ, tunasonga mbele. Lakini hebu tazama: mchana wa siku ileile tumeshakodi matarumbeta, vijana wamepanda nyuma ya gari wanapuliza kutoka kanisani mpaka ukumbini, na barabara nzima inageuka kuangalia. Wale ni wanamuziki wa laivu, na tunawalipa bila kujiita walezi wa sanaa. Kwa nini tukifika ukumbini tuwaache nje? Mwombeni mwenyekiti aweke bendi ndogo ya watu wanne kwa saa moja, wakati wa chakula. DJ atabaki na kazi yake. Pengine mapambo yatapungua kidogo, na sijapata kumsikia bibi harusi aliyekumbuka mapambo kuliko wimbo.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, ninyi nawategemea zaidi. Mnapofungua duka jipya mnakodi spika na kijana wa kunadi. Safari hii jaribuni kundi linalopiga ngoma na gitaa kwa saa mbili, mwone watu watakavyosimama. Sasa soko letu linazungumzia biashara ya saa 24. Mama anayeshuka kutoka Tunduma au Lubumbashi kuchukua mzigo akimaliza manunuzi saa moja jioni, anakwenda wapi? Nyumba ya wageni kulala. Yupo kati yenu mwenye ghorofa ambayo juu pako wazi, panapokaa maboksi matupu. Pasafisheni jioni moja kwa wiki, mpatane na bendi, mama lishe auze chakula, na mlango uwe wa wanamuziki.

Lakini majirani wana haki ya kulala, wapo wagonjwa, na wapo watoto wenye mitihani. Nenda kwanza serikali ya mtaa, zungumza, chukua kibali, elekeza spika upande usio na nyumba. NEMC, baraza la mazingira, wana kanuni za kelele na zinajulikana. Njia rahisi zaidi tunayo tayari: bonanza la Jumapili, muziki uanze saa kumi jioni uishe saa tatu. Kwa saa hizo hata mwenye kukaa Chanika au Mbagala anakuja na anarudi salama.

Sisi wenye simu tuna kazi nyepesi. Ukirekodi bendi ikipiga, andika jina lake na mahali inapopiga, maana video isiyo na jina hailipi mtu.

Na mzazi mwenye mtoto anayegonga meza usiku kucha, usimfukuze mezani. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, Unguja kuna chuo cha muziki cha DCMA, na karibu zaidi kuna yule mzee wa gitaa la solo jirani yako ambaye hajaombwa kumfundisha mtu.

Nanyi wanamuziki, wanangu, nina ombi moja. Mkitangaza saa kumi, iwe saa kumi kweli. Mtu amelipa elfu tano yake, amekaa, anatazama vyombo vikifungwa mpaka saa kumi na mbili, na gari la Chanika halimsubiri.